Boneti Wazi

Injini haikupata hata mkwaruzo. Hilo ndilo lililomkera Fundi kuliko yote. Mlango wa dereva ulikunjamana kama karatasi, kiti kikang'oka, mdogo wake akafia palepale. Lakini injini ilitolewa mle ndani ikiwa nzima na kompyuta yake, ikakaa chini ya turubai miezi kumi na sita. Sasa wifi yake, mjane wa huyo mdogo wake, alikuwa ameipandikiza kwenye bodi nyingine ya aina ileile, kijivu kilekile, na Jumamosi saa tatu asubuhi akaliingiza gari gereji bila hata kupiga simu.

"Lipime," alisema, akirusha ufunguo.

"Salamu kwanza, wifi."

"Salamu nilizimaliza msibani. Lipime."

Fundi alikuwa na dayno, mashine ya roli za chuma. Gari hupandishwa juu yake, hufungwa mikanda, kisha hukimbia mpaka mwisho wa nguvu zake bila kusogea hata shubiri. Mashine inasoma, mstari unajichora kwenye skrini, na Fundi anaseti injini kwa kuufuata mstari. Hakuna kubahatisha. Mdogo wake alikuwa mtu wa barabarani. Yeye aliseti gari likiwa safarini, laptop imefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni, anaisikiliza injini kwa makalio, kama alivyopenda kusema.

"Dada, gari halikimbii chumbani," alikuwa akimchokoza.

"Na barabara haichori mstari."

Walibishana hivyo miaka tisa. Mwishowe mdogo mtu akanyoosha mikono, akamletea dada yake gari alisetie pale ndani. Nguvu za farasi mia tatu na kumi na mbili, mstari umenyooka kama uzi. Akaomba jambo moja tu: twende nalo mlimani, dada, nusu saa. Fundi alikuwa na gari jingine linasubiri mlangoni. "Namba zimeshasema," alimwambia. "Nenda."

Akaenda. Ripoti ikaandika kwamba dereva alikuwa mwendo kasi, akajaribu kulipita lori mlimani, akagongwa ubavuni, upande wa dereva, na gari lililokuwa likishuka. Mama yao aliisoma mara moja, akaikunja, akaondoa picha ya mwanawe ukutani. Kitinda wake, aliyemnyonyesha mpaka miaka mitatu, akawa hatajwi nyumbani ila kwa neno moja: mpumbavu.

Fundi alijua swali ambalo ripoti haikuuliza. Je, kama injini ilikata nguvu katikati? Hapo asingekuwa mdogo wake aliyekosea. Ingekuwa ni mkono wake mwenyewe. Siku ya arobaini alichukua waya wa kuunganisha kompyuta ya injini, akaushika, akaurudisha kwenye droo.

Sasa alilipandisha gari la wifi kwenye roli. Akafungua boneti, akaliwekea feni kubwa mbele, akavaa vile vifaa vya masikioni vinavyosikiliza tumbo la injini. Moto ukiwaka vibaya mle ndani, injini hugonga. Mafundi wengine husema inagonga, basi. Yeye na mdogo wake waliita hodi. Leo dada kuna hodi? Hakuna hodi. Ilikuwa lugha yao.

Akakanyaga mafuta. Roli zikanguruma, mabati ya paa yakatetemeka, mstari ukapanda. Mia tatu na kumi na mbili. Ileile, kama vile gari halijawahi kutoka pale.

Kisha akasikia. Ko, ko, ko. Taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyesimama nje na anajua mwenyeji yumo.

Akatazama skrini. Safu ya kuhesabu hodi ilikuwa sifuri tupu.

Alivua vifaa vile haraka. "Umesikia?"

"Nimesikia kelele," alisema wifi. "Kwani nini?"

"Basi. Injini safi. Haina kosa."

Wifi aliweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo alijiua mwenyewe. Ndivyo unavyosema."

"Nasema mashine inachosema."

"Na hiyo boneti, mbona iko wazi?"

"Ndivyo tunavyofanya. Inapata hewa. Na feni ile."

"Kwani yeye aliendesha boneti ikiwa wazi?"

Lilikuwa swali la mtu asiyejua gari. Fundi alifungua mdomo amcheke, kicheko kikagoma. Alitazama boneti, akatazama feni. Alikuwa amefungua boneti za watu miaka ishirini, na siku ile hakukumbuka kwamba huko nje hufungwa.

"Twende mlimani," alisema wifi. "Mimi naendesha, wewe usome."

"Leo nina kazi, wifi."

"Ulimwambia hivyohivyo."

Walitoka. Fundi alikaa pembeni, laptop mapajani, waya umeingia chini ya usukani, vifaa masikioni. Mlima ule ulianza baada ya daraja na haukuwa na haraka ya kuisha. Mbele yao lori lilikuwa likijikongoja na mzigo wa saruji. Wifi akalifuata nyuma, polepole, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Fundi alisoma joto la hewa inayoingia kwenye injini; hewa ikizidi kuwa moto, hodi huanza. Kule gereji lilikuwa nyuzi thelathini na nne. Hapa arobaini na tisa. Hamsini na nane. Lori linakohoa, jua linachoma boneti, hewa imenaswa mle ndani. Sitini na saba.

"Njia nyeupe," alisema wifi. Kweli, mbele kulikuwa kutupu mpaka kwenye kona ya mbali. Akatoka, akakanyaga.

Gari likaruka vizuri. Likafika ubavuni mwa lori, magurudumu makubwa yakawa yanazunguka sawa na dirisha la Fundi, na hapohapo ikapigwa hodi. Si tatu za adabu. Ilikuwa ngumi mlangoni. Kompyuta ikajihami kama alivyoifundisha mwenyewe: okoa injini, kata nguvu. Gari likalegea chini yao.

"Linakufa! Wifi, linakufa!"

"Usiachie! Kanyaga!" alifoka Fundi.

"Nimekanyaga mpaka mwisho!"

Dereva wa lori alipiga honi, akashika breki yeye. Nguvu zikarudi. Wakapita, wakarudi upande wao, na wifi akaegesha pembeni huku mikono imeng'ang'ania usukani.

Lori likawapita. Dereva alichungulia dirishani. "Nyie akina mama, mnataka kunifunga?"

Lori likaendelea na mlima.

"Sekunde ngapi?" aliuliza wifi.

"Mbili nukta tatu."

"Na siku ile? Hiyo kompyuta inakumbuka?"

Inakumbuka. Ikikata nguvu, huandika: joto, mwendo, saa. Fundi alifungua ukurasa ambao hakuthubutu kuufungua miezi yote ile. Kulikuwa na mistari miwili. Wa juu ni wa leo. Wa chini ulikuwa wa siku yake. Joto sabini na moja, na mwendo kilomita sabini na tisa kwa saa. Hata themanini haukufika.

Kando ya mistari kulikuwa na kitufe cha kufuta. Kidole chake kilikuwa juu yake, hakujua kimefikaje.

"Usiguse," alisema wifi.

Akakiondoa.

"Hayo ulikuwa unaweza kuyasoma siku zote?"

"Ndiyo."

"Binti yangu anaambiwa shuleni baba yake alikuwa mwehu wa mwendo. Na ulikuwa unaweza kuyasoma."

"Ndiyo, wifi."

Wifi hakulia wala hakutukana. Aliligeuza gari, akashuka mlima kwa gia ndogo. Fundi alidhani wanarudi gereji, mpaka alipoona ukuta wa nyumba ya mama yake.

"Nitamwambiaje?"

"Kwa namba, kama hujui njia nyingine. Shuka."

Alikuwa bado hajashuka. Mlango wa nyumba ulifunguka kwa kishindo na mama akatoka mbio, mguu mmoja una ndara, mwingine mtupu, kanga inamdondoka. Alikuwa ameusikia ule mlio wa injini ukikata kona. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, kama wa msichana.

"Kitinda! Kitinda, umekuja?"

Alifika kwenye dirisha la dereva, akainama, akamwona mkwewe. Akanyanyuka. Akazunguka mbele ya gari, mkono wake ukipapasa boneti ya moto bila kujali, akamkuta Fundi ameshashuka, amesimama na laptop kifuani.

Ule uso ulifungika polepole, na Fundi akautazama mpaka mwisho, maana lilikuwa deni lake.

"Mama," alisema, "hakukimbiza gari. Lilimkatikia. Na aliyeliseti ni mimi."

Mama aliweka kiganja sikioni, akakunja uso.

"Zimeni hilo gari kwanza," alisema. "Sikusikii."

Wifi akazima. Ikabidi Fundi aseme tena.