Utupa Lamboni

Kipupwe cha mwaka ule kiliuma hata mbwa walikataa kutoka jikoni. Gaudensia alitoka hivyo hivyo, kitenge kimefungwa juu ya sweta la marehemu mumewe, akashika njia ya lambo la kijiji, mwendo wa nusu saa kutoka kwake Matambarale. Siku ya baridi samaki ni mvivu. Hulala chini kabisa, na anayemtaka sharti awe na moyo wa kungoja. Alichomeka mnyoo kwenye ndoano, akatupa mshipi, akachuchumaa ukingoni na kujikunyata.

Hadi jua linakaribia utosini alikuwa amepata kambale mmoja tu, mnene kama paja la mtoto. Ndipo akasikia mdundo ng'ambo ya matete, kama watu wanatwanga. Nani atwange huku porini? Akazunguka kutazama.

Walikuwa wanaume watatu, wageni, wakiponda majani ya utupa, sumu ya kulevyea samaki, juu ya jiwe. Kiroba kimoja walikuwa wameshakimimina majini, na perege wameanza kuelea matumbo juu.

"Jamani! Maji haya tunakunywa!"

Mmoja wao, mwenye kofia nyekundu ya sufu, hakuinua hata kichwa. "Mama, chukua samaki wako, sepa."

"Nisepe niende wapi? Mimi napiga yowe."

Akapiga. Yowe la kwanza lilitoka zima. La pili lilikatizwa na panga la yule wa kofia. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na vidole viwili vya mwisho vikaenda. Hakusikia maumivu, alikiona tu kidole kimoja kwenye tope, kimepauka kama muhogo uliomenywa. Mwenye kofia akamwangusha kwa teke la mbavu, akamkanyaga shingo, uso wake ukazama kwenye maji machungu ya utupa. Gaudensia akapapasa, akashika kifundo cha mguu, akajipindua na kuuma. Akauma mpaka meno yakakutana na mfupa.

Yowe lilikuwa limefika kwenye mashamba ya mbaazi. Watu walikuja mbio na majembe na marungu, mbele yao Amedeus, kaka yake Gaudensia. Wageni wawili wakapotelea kwenye matete. Wa kofia nyekundu hakuwahi. Mguu wake ulikuwa bado mdomoni mwa mwanamke.

"Ua! Katuwekea sumu huyu!"

Jembe likatua mgongoni. Rungu likapiga goti, goti likalia kama kuni kavu. Amedeus alimfunga dada yake mkono kwa kitenge, kisha akaokota jiwe, akamtilia kwenye mkono mzima.

"Haki yako hii, dada. Mpige."

Gaudensia akampiga mdomoni. Aliyasikia meno yakivunjika, akayasikia mpaka begani mwake, na ilikuwa tamu. Jiwe likainuka tena lenyewe. Utamu ule ndio uliomtisha. Akatazama kando: Sabaha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na Shehe, aliyemchimbia mumewe kaburi. Wote wamefumbua vinywa kama watu walio ngomani. Mtu alikuwa anakuja na chupa ya petroli aliyoinyonya kwenye pikipiki.

Akalitupa jiwe, akajilaza juu ya yule mtu.

"Gaude, toka hapo!"

"Nichomeni na mimi."

"Kakukata vidole!"

"Ni vyangu. Vimekuuma wewe?"

Chini yake mtu yule alikuwa anabubujika damu. "Kipriani," alisema. "Naitwa Kipriani." Akarudia, kana kwamba hataki kufa bila kujulikana.

Rungu moja lilikuwa limeshainuliwa, halikuweza kurudi. Lilimshukia Gaudensia, mfupa wa bega ukakatika. Lilikuwa la Amedeus. Akalitazama mkononi mwake, akaliachia, akakaa chini kwenye tope na kulia kama mfiwa. Hapo watu wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, bila kutazamana. Aliyeshika petroli akakifunga kizibo.

Kipriani alipona, lakini goti halikupona. Lambo lilinuka wiki nyingi, na wanawake walikwenda kuchota mbali. Kila aliyepita na ndoo kichwani mbele ya nyumba ya Gaudensia alihakikisha anasikika: huyu ndiye aliyemfunika mchawi wa maji. Amedeus hakukanyaga kwake miezi mitatu.

Kesi ya Kipriani ilisikilizwa Ruangwa. Hakimu akamwuliza Gaudensia kama alikuwa amemsamehe mshtakiwa.

"Hapana, mheshimiwa."

"Sasa ulimkingia nini?"

Gaudensia alimtazama kaka yake, aliyekaa benchi la nyuma na kofia magotini, macho sakafuni. Kulikuwa na jibu, lakini hakuona namna ya kulisema bila kuwataja watu wa kwao.

"Nilianguka tu," akasema.

Karani akaandika hivyo.