Ukuta Usiofika Juu

Usiku wa jana niliota vumbi limekaa kwenye kiti cha mama, limekunja nne, linasubiri nimalize kulisha vifaranga.

Lilikuwa na umbo la mtu mzima na rangi ya pumba. Halikuwa na haraka. Nilipoweka kopo la chakula chini, lilisimama kwa heshima.

"Kamwene," likasema.

"Kamwene," nikajibu. Hapa Mafinga hata vumbi linasalimiwa.

"Nimekuja kushukuru, Edifonsi. Umenitunza vizuri."

Nililiambia pengine limekosea nyumba. Mimi silitunzi, napambana nalo. Nimejifunza mwenyewe, polepole. Sifagii pakavu, napangusa kwa kitambaa kibichi. Maranda nayachekecha nje kabla ya kuwatandikia vifaranga. Chakula chao nakinyunyizia maji kidogo kisipeperuke. Na chini ya mlango wa sebule, wanamolala vifaranga, nimesokomeza blanketi, ili lisiende chumbani kwa mama, ambaye kifua chake hakijapona tangu mvua zilipokwisha.

"Yote hayo ni kweli," likasema. "Ila mimi sijawahi kupita mlangoni."

Likanyoosha kidole juu. Nyumba yetu haina dari. Kuta za vyumba zinaishia pale mkono wangu unapofika nikiunyoosha, na kutoka hapo ni uwazi mtupu mpaka kwenye mabati. Nimezaliwa humo. Niliutazama ule uwazi kama mtu anayeonyeshwa pua yake mwenyewe.

"Na madirisha?" likauliza.

"Nimeyaziba. Baridi itawaua vifaranga."

"Ndiyo maana nashukuru. Hewa iliyofungiwa inagawiwa kwa zamu. Twende ukaone foleni."

Nageuka, na sebule imekuwa barabara ya kwenda kiwanda cha mbao. Pembeni kuna bomba, linatoa hewa badala ya maji. Vifaranga wamepanga mstari, kila mmoja ameshika kizibo cha soda. Taa yao nyekundu ya kuwapasha joto imevaa kofia ya bati, ndiyo inayosimamia.

"Kizibo kimoja kimoja!" inafoka Taa. "Wewe mwenye kishungi, umeshapata! Unadhani sioni? Mimi ni taa!"

"Yule alikuwa ndugu yangu," anajibu kifaranga. "Tunafanana."

"Mnafanana wote. Hicho si kibali cha kurudia."

Mwisho kabisa wa foleni amesimama mama, na sufuria yake ndogo ya uji. Kila kifaranga anapotokea, mama anarudi nyuma hatua moja.

"Pita, baba," anasema. "Na wewe pita, mama. Wadogo kwanza."

Namwendea. "Mama, unafanya nini hapa?"

"Nangoja zamu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipowaleta hawa."

"Mbona hukusema?"

Anatafuta pumzi ya kunijibu. Inachukua muda, mpaka kifaranga mmoja anamkopesha kizibo chake.

"Ningesema, ungewatoa nje. Wale wa mwanzo walikufa kwa baridi ukashindwa hata kula. Nikaona afadhali nikoholee kwenye mto."

Siku zote hizi nilikuwa nikifurahi kwamba kikohozi chake kimepungua.

Bomba linakoroma, linanyamaza.

"Imeisha," inatangaza Taa. "Waliobaki waje kesho."

"Huyu hawezi kungoja kesho."

"Basi kafungue dirisha. Lakini Joto atatoka papo hapo, hapendi kuagwa. Na mimi peke yangu sitaweza kuwapasha wote, nakuambia mapema usije ukanilaumu."

Nasema nitafungua. Nikinyoosha mkono kushika dirisha, najikuta nimeketi juu ya ukuta wa nyumbani, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Upande wa kulia wako vifaranga. Upande wa kushoto amelala mama, sufuria tupu kifuani. Wote wananitazama, na hakuna anayelaumu.

"Edifonsi," unasema Ukuta, kwa sauti ya mtu aliyejitwisha mzigo. "Unashukia upande gani? Mgongo unaniuma."

"Siwezi kukaa hapa katikati kidogo?"

"Umekaa hapo tangu siku ya kwanza. Sikukusumbua, nilidhani unafikiri."

Vumbi limeketi kando yangu, linaning'iniza miguu. "Mimi usiniulize," linasema. "Mimi nashukia kote."

Yule kifaranga mwenye kishungi ananyanyua shingo.

"Baba, huko nje kuna baridi?"

"Ipo."

"Sana?"

"Sana."

"Haya," anasema, na kuanza kuwaambia wenzake wasogeleane.

Nikashuka upande wa mama.

Niliamka kumeshapambazuka. Kutoka chumbani kwa mama sikusikia kikohozi, na kwa mara ya kwanza ukimya ule ulinitisha. Niliingia bila kubisha. Mama alikuwa amelala kifudifudi, uso ameuzamisha kwenye mto, mabega yanatikisika. Nilimwinua, nikamkalisha, nikang'oa matambara yote niliyoyasokomeza dirishani.

Alivuta hewa muda mrefu kabla ya kusema.

"Watapata baridi wale, baba."

"Najua, mama."

"Wewe wafunike tu. Mimi nimeshazoea."

"Usizoee," nikamwambia.

Niliwahamishia vifaranga kwenye banda la kuni pamoja na taa yao, nikawazungushia magunia kila upande. Upepo ulikuwa unapita kwenye mbao hata hivyo. Walijikusanya pembeni, kimya, wakabanana. Sijui wangapi watafika jioni.

Kisha nilirudi chumbani kwa mama kupangusa. Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani, likaumulika ukuta unaotenganisha chumba chake na sebule. Vumbi jembamba la vifaranga lilikuwa limeutanda wote, toka juu hadi sakafuni, isipokuwa sehemu moja: michirizi miwili inayoteremka sambamba, kila mmoja upana wa kisigino changu.

Nilikwenda sebuleni kutazama upande wa pili. Huko vumbi lilikuwa halijaguswa.