Hodi kwa Mdomo Uliojaa Maji

Kijiji chetu kilikubali kuzikiwa taka za nyuklia kwa neno moja tu, na neno lenyewe tulilisema kwa adabu.

Ilikuwa hivi. Afisa wa maoni ya wananchi aliingia katika ukumbi wa shule, akashika maikrofoni yangu (mimi ndiye ninayekodisha spika hapa, za harusi, za misiba na za siasa), akasema kwa sauti tamu, "Hodi hodi, wenyeji!" Sasa mtu aliyelelewa akalelewa, akisikia hodi atajibu nini? Ukumbi mzima ukaitika, "Karibu!" Akasema, "Nimewaletea mgeni." Tukapiga makofi. Alipokuja kueleza mambo ya mapipa, zege na shimo refu katika shamba la shangazi yangu, watu walipiga kelele mpaka wakakauka koo, lakini kinasa sauti alikuwa ameshakizima. Ripoti ikatoka: wananchi wote, kwa kauli moja, wamezikaribisha taka.

Shangazi hana kingine zaidi ya shamba hilo. Nyumba yake imo humo, kisima kimo humo, na marehemu mume wake amelala humo. "Wakitaka kuchimba," aliniambia, "waanze kwa kunifukia mimi."

Tulikwenda ofisini kulalamika. Karani akatueleza, tena kwa upole mkubwa, kwamba karibu ikisharekodiwa haifutiki. Hata hivyo utaratibu ni wa haki kabisa: tunaweza kuomba mkutano wa pili. Kinasa sauti kitawashwa afisa akiingia kijijini na kitazimwa akitoka, na kauli ya mwisho ndiyo itakayohesabiwa.

"Akipiga hodi tufanyeje?" nikauliza.

"Mkinyamaza, mmekataa. Mkisema karibu, mmekaribisha. Ni nyinyi tu na midomo yenu."

Hapo ndipo nilipojipa kazi ya kukifundisha kijiji kizima kukosa adabu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikipiga hodi, na anayejibu namgombeza. Nilikuwa mkali, sifichi. Watu wakaanza kuzoea, tena wakazoea kupita kiasi. Mwenyekiti alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe mchana kutwa akipiga hodi, mkewe yumo ndani anasonya, anafanya mazoezi. Mkunga alibisha kwa mjamzito mpaka mtoto akazaliwa bila yeye. Wadeni peke yao ndio waliofurahi.

Shangazi ndiye aliyenishinda. "Hodi!" namwambia. "Kari—" anasema, halafu anajiziba kwa ncha ya kanga.

"Shangazi, utatuuza!"

"Baba, neno linatoka lenyewe. Nimelisema tangu sina meno."

Mwisho akapata dawa mwenyewe: akisikia nyayo, anajaza maji mdomoni. Mtu hawezi kusema karibu na mdomo umejaa maji. Dawa ikaenea, na siku ya mkutano wa pili kila mtu aliingia ukumbini na kikombe chake.

Afisa akaja. Kinasa sauti kilikuwa katika mfuko wa shati, taa yake nyekundu inawaka. Sisi mashavu yametuna, macho yametutoka.

"Hodi, wenyeji!"

Kimya. Mtu mmoja akameza kidogo.

"Hodi hodi!"

Kimya tena. Jasho likaanza kumtoka. Nadhani naye alilelewa, maana ile hodi isiyojibiwa ilimuumiza waziwazi, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma. Akajikaza mara ya tatu, sauti imepungua. "Hodi?"

Shangazi akameza maji yake yote kwa mkupuo. Nikafumba macho. Tumekwisha, nikawaza.

"Nani?" akasema shangazi.

Afisa akachangamka. "Ni mimi, mama."

"Wewe nakuona. Namuuliza huyo mgeni wako."

"Aa. Ni mabaki ya nishati."

"Ndiyo nani huyo?"

"Taka za nyuklia," akasema chinichini, lakini spika yangu ni nzuri, ikalipaza neno.

"Mbona hapigi hodi mwenyewe?"

"Hasemi, mama."

"Anakula?"

"Hali."

"Analala?"

"Muda wote."

"Haya, shemeji yangu mmoja alikuwa hivyohivyo. Atakaa mpaka lini?"

Afisa akatazama viatu vyake. "Maelfu ya miaka."

"Utakaa naye?"

"Mimi narudi mjini jioni hii."

Shangazi akatengeneza kanga yake. "Na kuaga, anajua?"

"Kuaga?"

"Siku tukichoshana. Atajua kusema naondoka?"

"Hapana, mama. Hawezi kuaga."

"Basi mimi simfungulii mlango."

Nilitaka kurukaruka. Tulikuwa tumepata kauli ya mwisho, safi, ya mwenye shamba mwenyewe. Afisa alifunga mkoba, akanirudishia maikrofoni, akaenda mpaka mlangoni. Pale akageuka, kama anavyogeuka mtu yeyote mwenye adabu, akasema:

"Haya, kwaherini."

Hilo hatukulifanyia mazoezi.

Maji yaliruka ukumbi mzima. "Karibu tena!" tukapiga ukelele, wote kwa pamoja, tumelowa vifua. Tena sauti iliyozidi zote ilitoka kwenye spika, kwa sababu maikrofoni nilikuwa nimeishika mimi.

Afisa akatazama mfuko wake. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Akatabasamu polepole. "Asanteni," akasema.

Asiyesema kitu alikuwa shangazi peke yake. Alinitazama jinsi unavyomtazama mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba. Nilitamani ardhi inimeze, hata kwenye lile shimo lao. Kisha akamwendea afisa, akamshika mkono.

"Twende."

"Wapi, mama?"

"Si umekaribishwa tena? Unakwenda wapi?"

Akamvuta hivyohivyo mpaka shambani kwake, sisi nyuma tunachuruzika maji. Walipofika, shangazi akaingia ndani, akamfungia mlango usoni. Afisa akabaki kizingitini na mkoba wake. Angeweza kuondoka, gari lilikuwa njiani pale. Lakini mlango ukifungwa mbele yako, na mwenyewe yuko ndani anakusikia, mkono hunyanyuka wenyewe.

"Hodi," akasema afisa.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

Afisa akatazama taa nyekundu. Akatazama vigingi vya wapimaji wa shimo, kimoja kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kaburi la marehemu. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Peke yangu," akasema.

"Sema kwa nguvu, mimi sisikii vizuri."

Akavuta pumzi. "Peke yangu, mama! Sikuja na mwingine yeyote!"

"Basi karibu," akasema shangazi, na mlango ukafunguliwa.

Alikaa, akanywa chai, akacheka mara moja tukamsikia. Alipotoka na kutuaga, kijiji kizima kilikuwa kimeshajaza maji mdomoni upya, mashavu kama mapulizo. Shangazi ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye gari, na alisubiri mpaka injini iwake ndipo akainama dirishani, mdomo umeelekea kwenye mfuko wa shati.

"Karibu tena, baba," akasema. "Uje hivihivi, mikono mitupu."