Vibendera Vilivyosimama

Jumamosi asubuhi, zikiwa zimebaki siku chache Malkia kijana avishwe taji, Hilda Brocklesby alikuwa juu ya ngazi ya kuazima akifunga kamba ya vibendera kwenye bomba la maji ya mvua la nyumba yake. Jirani yake Edna Tasker alikuwa chini, ameishikilia ngazi kwa mikono na anaisimamia kazi kwa mdomo. Vibendera vilikuwa vya pembetatu, vyekundu, vyeupe na vya buluu. Vingine vilikuwa vimelala sandukuni tangu vita vilipokwisha na bado vilinuka dawa ya nondo; vingine Hilda alivishona mwenyewe kwa foronya kuukuu. Cha kijani hakikuwepo hata kimoja, kwa maana watu wa Mtaa wa Petrel ni watu wa meli, na katika mji wa bandari wa Grimsby, Uingereza, watu wa meli hawavai kijani wala hawakitundiki, kwa kuogopa mkosi.

"Vuta kushoto kidogo, shoga. Kushoto! Au kwenu akina Brocklesby kushoto kuko kulia?"

"Kama unajua sana, panda wewe."

"Nipande na mwili huu? Ngazi ya mchungaji hii, unataka aizike?"

Wakamaliza kufunga, wakaingia ndani kunywa chai. Walipotoka, vibendera vya Hilda vilikuwa vimesimama. Kamba ilikuwa palepale na mafundo yalikuwa yaleyale, lakini kila pembe iliyokuwa ikining'inia kuelekea barabarani sasa ilielekea juu mawinguni, imekaza kama sikio la mbwa aliyesikia mlango. Upepo wa baharini ulikuwa ukivuma na vibendera vya nyumba nyingine vilikuwa vikipigapiga. Vya Hilda havikutikisika.

"Umevifunga vibaya," Edna akasema.

"Nimevifunga kama nilivyofunga vyako."

Edna akavitazama tena, akakunja midomo. "Basi umetia wanga mwingi."

Hilda alikuwa ametundika na bendera kubwa, na aliyeiona ni Mzee Wilf Grice wa nyumba ya mkabala. Wilf alikuwa mpeleka ishara katika jeshi la majini tangu ujana mpaka nywele zikamtoka, na mambo ya bendera hakuyafanyia mzaha. Alivuka barabara na ndara zake miguuni. Vibendera vya pembetatu hakuvisemea neno, maana jeshi la majini halina sheria juu ya vibendera vya pembetatu. Alinyoosha kidole kwenye bendera ya taifa iliyokuwa dirishani juu.

"Hilda, mwanangu, umeitundika kichwa chini."

"Nimeitundika sawasawa, Mzee Wilf."

"Tazama upande wa mlingoti. Ule mstari mweupe mpana unatakiwa ukae juu. Wako uko chini. Bendera ikiwa hivyo ni meli iliyo taabani inaomba msaada. Watu wa bara hukosea kila siku, na tunawasamehe. Sisi hatukosei."

Hilda akapanda ghorofani, akaigeuza mbele ya macho yake. Mzee Wilf akaridhika, akaondoka. Hajafika mlangoni kwake, bendera ikajigeuza, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Akarudi. Hilda akaigeuza tena, na tena ikajigeuza. Wilf akasimama barabarani akiitazama kwa muda mrefu, halafu akavua kofia.

"Basi haijakosewa," akasema, akaenda zake.

Hilda hakuwa na haja ya kuelezwa. Mumewe, Len, alipotea na meli ya uvuvi iitwayo Saltfleet majira ya baridi ya mwaka juzi, katika bahari ya kaskazini ambako maji yanayorukia sitaha hugeuka barafu kabla hayajashuka. Siku aliyoondoka, akiwa anamalizia mayai yake, Len alisema, "Redio ya meli imekufa. Wanasema itaangaliwa tukirudi." Hawakurudi. Tume ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi wa manispaa, ikaamua kwamba hakuna wito wowote wa msaada uliosikika kutoka Saltfleet. Kwa hiyo meli ilizama ghafla, ikiwa nzima na salama, kwa mapenzi ya bahari. Hilda aliinuka akawaambia habari ya redio. Bwana mwenye miwani akamjibu kwa upole sana kwamba mazungumzo ya meza ya chai si ushahidi. Upole ule ndio uliomuuma Hilda kuliko maneno. Angetukanwa angejua pa kuushika ugomvi.

Kufikia Jumapili mchana, vibendera vilikuwa vimesimama pia kwa akina Ogle na kwa yule mjane mdogo, Mavis Pinchbeck. Mtu aliyepita barabarani aliweza kusoma ni nyumba zipi zilizotoa watu kwa Saltfleet, kama anavyosoma mawe ya makaburini. Watoto walijaribu kuvining'iniza kwa kuvifungia vibanio vya nguo. Vikasimama na vibanio vyake.

Hilo halikumsumbua Edna. Kilichomsumbua ni kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe, na kwamba mwamuzi wa mashindano ya mtaa uliopambwa vizuri zaidi alikuwa Bwana Rawcliffe, mwenye meli. Saltfleet ilikuwa yake. Meli ya Wainfleet nayo ilikuwa yake, na karibu nusu ya wanaume wa Petrel waliishi kwa kusimama mlangoni pa ofisi yake wakingoja kuitwa. Aliyemuudhi hakufukuzwa. Alisahauliwa tu, safari baada ya safari, mpaka mkewe akauza saa ya ukutani.

Jumatatu Edna akaja kwa Hilda kwa mlango wa nyuma, kama kawaida, lakini safari hii akabisha hodi.

"Una nini, unabisha kama mkusanya kodi?"

"Shoga, nina neno." Edna hakukaa. "Viteremshe. Kesho tu. Akishapita Rawcliffe, virudishe, hata vikitaka kuruka viruke."

"Siviteremshi."

"Clifford wangu anaondoka Ijumaa na Wainfleet. Safari yake ya kwanza kulipwa kama baharia kamili. Unataka asahauliwe?"

"Len amesahauliwa, na hakumuudhi mtu."

"Len amekufa, Hilda!"

"Najua. Mimi ndiye niliyefua mashuka yake."

Edna akaona haya, lakini haya zake hazikumzuia kutoka nje na kuichukua ngazi. Alipanda mwenyewe, na mwili ule ule, akashika kamba na kuvuta. Kamba haikuja. Alivuta mpaka bomba la maji likalia, vibendera vimekaza juu ya kichwa chake. Akashuka akihema.

"Una fundo baya wewe," akasema, akaenda nyumbani kupaka siagi mikate.

Jumanne ikaja na mvua. Asubuhi, wale waliobahatika walibanana katika sebule ya akina Ogle, wenye televisheni pekee ya mtaa, wakamtazama Malkia akiwa mdogo kama kipande cha sabuni. Waliobaki walimsikia redioni. Mchana meza zikapangwa katikati ya barabara kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Mchungaji alisema afadhali wahamie ukumbini. Edna akamwambia Petrel haijawahi kuogopa maji. Wakatandika mashuka juu ya meza, wakaweka mikate ya samaki wa kopo, jeli zilizotetemeka, keki iliyomeza sukari ya mgawo ya nyumba nzima nzima, na mikate yenye nyama ya yule mnyama mpenda matope ambaye mabaharia wanamla kwa furaha ila, kwa kuogopa mkosi, jina lake hawalitaji.

Bwana Rawcliffe alifika chini ya mwavuli ulioshikwa na karani wake. Alikuwa mtu nadhifu mwenye sauti ya baba mkwe. Alisifu keki. Alipita chini ya vibendera vya akina Ogle, vya Mavis na vya Hilda akitazama viatu vyake. Ni mtihani mgumu kuhukumu mapambo ya mtaa bila kuinua macho, na aliuweza. Kwa Edna, ambako vibendera vilining'inia kwa adabu, ndipo alipoinua kichwa.

"Hapa ndipo penyewe, Bi Tasker! Hii ndiyo heshima. Na kijana wako yuko Wainfleet Ijumaa, sivyo? Usiwe na wasiwasi. Meli ile ni nzima kama yai."

Vibendera vya Edna vikasimama. Vilianza kwenye bomba, kimoja kimoja, mpaka dirishani, na maji yaliyokuwa yamejikusanya ndani yake yakamwagikia mwavuli. Bendera kubwa ikajigeuza. Mtaa mzima uliliona jambo lile. Mtoto mmoja alisikika akinywa jeli.

Edna akavitazama vibendera vyake. Halafu akaitua birika mezani.

"Bwana Rawcliffe, redio ya Wainfleet inafanya kazi?"

"Mama, leo ni siku ya Malkia."

"Malkia redio anayo. Nimemsikia asubuhi. Nakuuliza ya mwanangu."

Rawcliffe akatabasamu. "Kuna hitilafu ndogo. Itaangaliwa meli ikirudi."

Hilda alikuwa ameketi mwisho wa meza na kikombe mkononi. Aliyasikia maneno yale kama yalivyotoka kinywani mwa Len, hayakupungua hata neno, na hasira ikampanda mpaka akaona vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ile tume. Akasimama.

"Hayohayo," akasema. "Ndiyo hayohayo waliyowaambia wetu. Wakazama wameahidiwa."

"Bi Brocklesby, tume ilikwisha kuamua."

"Iliamua hawakuita. Wanaita! Mwenye macho haambiwi tazama."

Rawcliffe akawageukia wengine, akiwa mtulivu kabisa. Akasema kugeuza bendera ya taifa siku kama ile ni kuivunjia heshima taji, na kwamba anaomba, kwa wema, ziteremshwe. Alitaja Ijumaa. Alitaja pia kwamba ana kumbukumbu nzuri ya nyuso. Wanaume wakatazama sahani. Hapo Mzee Wilf akainuka, medali zake zote kifuani zikiwa zimelowa.

"Bwana, nimepeleka ishara miaka yangu yote. Bendera hizi hazijakosewa. Aliyekosea ni asiyezijibu."

Hakuna aliyegusa ngazi. Edna akachukua sahani, akampelekea Rawcliffe chini ya mwavuli.

"Chukua mkate uende nao. Tumekula kwako muda mrefu, na wewe leo ule kwetu."

Hakuchukua. Karani wake alichukua miwili. Kikombe cha ushindi kilikwenda mtaa wa pili, ambako vibendera vyote vilitazama chini. Petrel wakakaa mvuani mpaka chai ikaisha, wakaimba wimbo wa taifa kwa sauti kubwa kuliko walivyowahi kuuimba, maana hawakuwa na ugomvi na yule msichana wa watu aliyevishwa taji, na jeli zilipojaa maji ya mvua wakazinywa.

Hakuna kilichobadilika. Uamuzi wa tume ulibaki vilevile kabatini. Redio ya Wainfleet haikuguswa. Wanaume wawili wa Petrel walikwenda ofisini Jumatano na hawakukumbukwa. Edna alimwambia mwanawe asipande, naye Clifford akamjibu akiwa anafunga begi, "Mama, nimeshatia saini. Nisipopanda nitashtakiwa. Unataka nizame au nifungwe?" Sheria ilikuwa hivyo kweli.

Wanawake wa Grimsby hawaendi gatini siku ya meli kuondoka. Ni mkosi. Mama zao hawakwenda, na bibi zao hawakwenda. Ijumaa, maji yalipojaa, Edna aliifungua kamba yake, nayo safari hii ikafunguka bila ubishi. Hilda akafungua yake, Mavis na mama Ogle zao, wakaziunga. Wakapita katikati ya mji wakiwa wameibeba kamba mabegani, vibendera vimesimama juu ya vichwa vyao. Wauza samaki waliwapisha. Mmoja aliwauliza kama sherehe haijaisha, Edna akamwambia ndiyo kwanza inaanza.

Kwenye lango la gati, pale meli zinapopita jirani na ukingo kiasi cha kuweza kupeana moto wa sigara, polisi aliwazuia.

"Nyie akina mama, rudini nyumbani. Mtaleta bahati mbaya."

"Ilishafika kabla yetu," Edna akasema. "Ina mwavuli."

Wainfleet ikaja polepole. Wanawake wakauliza kwa sauti moja kama redio inafanya kazi. Nahodha alitazama mbele, kama mtu anayevuka barabara. Clifford alikuwa sitahani na kamba mkononi. Alimwona mama yake mahali asipopaswa kuwa, akaviona na vibendera. Akatikisa kichwa, mara moja, hapana. Kisha meli ikapita, ikatoka, ikawa moshi.

Edna hakulia. Alikaza midomo. Polisi akasema, sasa kwa sauti ya chini, kwamba basi imekwisha kuondoka, waende nyumbani.

"Kuna nyingine?" Hilda akamuuliza.

"Ya Rawcliffe? Ipo. Inatoka na maji ya usiku."

Hilda akaihamishia kamba bega la pili. Akapima kwa macho umbali uliobaki kati yao na maji.

"Basi tusogee mbele," akawaambia wenzake. "Hapa wanaweza kusema hawakutusikia."