Mfuko wa Nguo za Gustave

Kwao Gustave, mume akifa, mjane hafungi mfuko wa nguo zake. Atazifua, atazipiga pasi, atazikunja moja moja na kuzipanga kitandani, lakini ikifika saa ya kuzitia mfukoni anageuzwa uso ukutani, na wanawake waliokuja kumliwaza wanageuka pamoja naye, wanaimba. Mwanamume wa ukoo ndiye anayezitia, na ndiye anayeshona mdomo wa mfuko. Baada ya hapo hakuna mkono wa kuufungua mpaka ufike kwa kaka mkubwa wa marehemu, matanga yavunjwe. Ukichungulia, ati unamrudisha marehemu njiani. Basi Masika, mjane wa Gustave na fundi cherehani ambaye haachi pindo la mtu limpite bila kuligeuza aone lilivyoshonwa, siku ile alikaa akatazama ukuta.

Chumba chao kilikuwa Rosettenville, mtaa mmoja wa Jozi, nyuma ya duka la mikate la Mreno mmoja. Umeme ulikuwa umekatika, robot za barabarani, yaani taa za kuongozea magari, zimezimika, na madereva walikuwa wanapigiana honi na kutukanana kwa lugha zote za Afrika. Candide, Mrundi anayesuka nywele mlango wa tatu na rafiki wa Masika tangu zamani, ndiye aliyeanzisha wimbo. Nyuma ya migongo yao Emery, aliyeshika nafasi ya mwanamume wa ukoo, alikuwa kazini. Walisikia nailoni ikichakarika, wakasikia sindano ya gunia ikipenya. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu wakaurudia.

"Huyu anashona mfuko au anajenga nyumba?" Candide akanong'ona.

Masika akamfinya paja anyamaze. Laiti angegeuka! Lakini ageuke vipi? Mume hata siku arobaini hazijatimia.

Huyo Emery hakuwa ndugu wa damu wa Gustave. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha watu wa Kalemie hapa Jozi, na ugenini anayejua jina la babu yako ndiye ndugu. Ana ofisi ya kutuma mizigo kwa basi mpaka Lubumbashi. Gustave alipokufa ndiye aliyehangaika na cheti, ndiye aliyesimama makaburini mpaka udongo wa mwisho. Alimwita Masika "shemeji", naye Masika alimwombea kila asubuhi. Kila asubuhi, jamani, kwa jina!

Gustave mwenyewe aliuawa kwa sababu ya bastola ambayo haikuwa yake. Alikuwa mlinzi. Asubuhi kampuni inampa silaha, anatia sahihi. Jioni anairudisha, anatia sahihi, kisha anapanda teksi kurudi nyumbani mikono mitupu, na wahuni waliomwona mchana wanajua anaposhukia. Aliwahi kwenda polisi kuuliza kama anaweza kupata leseni ya silaha ya kulinda mlango wake. Wakamwambia sheria inataka raia, au mwenye kibali cha kudumu. Karatasi yake ya ukimbizi haifiki huko. Alirudi anacheka kicheko kibaya. "Mama Elisée," akasema, "hapa wenye nchi wana bunduki, na majambazi wana bunduki. Sisi wengine tumepewa filimbi." Na hao wenye leseni nao wanaibiwa bunduki zao kila siku, na zikishaibwa zinavuka mpaka kwenda kaskazini kuua watu wa kulekule ambako akina Gustave walitoka mbio. Mwezi wa Juni vijana watatu wakamfuata getini mwa ghala alilokuwa analinda, wakampiga risasi mbili, wakachukua bastola. Simu yake hawakuigusa.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Elisée, ana miaka ishirini na mmoja. Amezaliwa Jozi. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na rafiki zake anazungumza nao Kizulu. Mila za baba yake aliziita mambo ya vijijini. Ila msiba ulimfunza adabu, na Emery alipotamka kwamba mwana ndiye anayepaswa kumpeleka baba yake nyumbani, yaani kuufikisha ule mfuko kwa baba mkubwa, hakubisha. Masika alimsindikiza mpaka stendi ya mabasi, akamnyoosha ukosi wa shati mbele za watu.

"Mfuko huu usiufungue," akamwambia. "Wakikuambia ufungue, waambie ni nguo za marehemu. Hata askari ana baba."

"Sharp, Mama," kijana akajibu kukubali, akamkumbatia.

Mpakani Beitbridge, hata kabla ya kuvuka, askari walitaka mizigo yote ifunguliwe. Abiria wakafungua. Elisée akasimama mbele ya mfuko wake akakataa. Akawaeleza kwa upole kwanza, kisha kwa ukali, kwamba hizi ni nguo za baba yake na hazifunguliwi njiani. Wakamsukuma, naye akasukuma. Wakachana mfuko kwa kisu. Ndani ya makoti na suruali za Gustave kulikuwa na bastola sita na risasi zake. Mtoto aliyecheka mila maisha yake yote, siku moja aliyoiheshimu ndiyo iliyommaliza, maana ripoti ya askari iliandika hivi: mtuhumiwa alijua kilichomo, ndiyo sababu alizuia mfuko usifunguliwe.

Bastola nne kati ya sita zilikuwa zimeibwa majumbani hapa Jozi, kwa hiyo kesi ikarudishwa Jozi, na Elisée akarudishwa nayo akiwa na pingu. Mpelelezi akaja chumbani kwa Masika. Mtu mpole, alivua hata kofia.

"Nani alitia nguo mfukoni?"

"Emery."

"Ulimwona akitia silaha?"

"Nilikuwa nimegeukia ukuta."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Candide, na mama wawili wa kanisani."

"Wao waliona?"

Watu wazima wanne walikuwa chumbani, macho manane, na yote yalikuwa yanasoma rangi ya ukuta! Mpelelezi akaandika, akafuta, akaandika tena. Emery, akasema, alikwisha kuhojiwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mjane alikunja nguo, mimi nilizipokea zilivyokunjwa, nikashona. Na hilo kila mtu wa Kalemie angeliapia, maana ndivyo inavyofanywa.

Masika akamfuata Emery ofisini kwake. Alimkuta anapima magunia kwenye mizani. Akamngoja mteja atoke, akauliza bila salamu, "Shemeji, ulitia nini katika nguo za mume wangu?"

Emery akafunga mlango. Kisha akalia. Ndiyo, alilia, machozi ya kweli, mpaka kamasi.

"Wenye bastola zile hawakataliki, Shemeji. Walijua nina mfuko wa msiba unaokwenda. Mfuko wa msiba haufunguliwi, mara ngapi umepita? Nilijua kijana atapita salama."

"Kaseme hivyo polisi."

Akajifuta uso. "Nikisema hivyo mimi ni maiti. Na ukinitaja wewe, nitasema nilishona ulichonipa. Halafu hao walio juu yangu wana mikono mirefu, inafika mpaka mahabusu. Elisée yuko ndani, Shemeji. Fikiri kwanza."

Masika alimtemea mate. Yakamwangukia kwenye tai, na Emery hakuyafuta. Masika alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima anamtukana kwa sauti, watu wanampisha wakidhani ni mwehu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Candide akasema alipoambiwa. "Nenda tena polisi."

"Nikaseme niliona nini? Wewe uliona nini, Candide?"

Candide akaangalia mikono yake. Alikuwa na watoto wanne.

Wakili aliyepewa Elisée bila malipo alikuwa msichana mwenye mafaili mengi na usingizi kidogo, lakini hakuwa mjinga. Alimsomea Masika hati ya mashtaka taratibu, neno kwa neno: bastola tatu katika koti la mvua, mbili katika koti la kijivu, moja katika suruali nyeusi. Akamwambia asijidanganye. Silaha sita, mpakani, na kijana amepigana na askari. Huenda ikawa miaka kumi na mitano.

"Lakini hakujua," Masika akasema.

"Mama, kila mtu anasema hakujua. Mahakama itauliza, kama si yeye, nani?"

"Na kama aliyezitia akijitokeza mwenyewe?"

Wakili akacheka kwa uchovu. "Mwenyewe? Watu wa namna hiyo huwa hawajitokezi."

Masika akamwomba amsomee tena pale penye makoti. Usiku kucha na siku nzima iliyofuata alikuwa anayarudia kichwani kama mtoto anayekariri kwa ajili ya kipaimara: tatu koti la mvua, mbili koti la kijivu, moja suruali nyeusi. Alihesabu na miaka. Elisée angetoka na thelathini na sita, kama angetoka. Alimjua mwanawe, si mtu wa kuishi na majambazi, hata shuleni alikuwa anapigwa kwa sababu ya jina lake la kigeni. Yeye Masika ana hamsini na tatu, magoti yamechoka, macho ya kutunga sindano yanakwisha. Hesabu hiyo haikumpa taabu. Kilichomtesa ni kwamba ili amwokoe mtoto ilimpasa amsafishe Emery. Alilia kwa hasira, akauma shuka. Siku ya tatu akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kwa mpelelezi.

"Silaha nilizitia mimi," akasema. "Nilizikunjia ndani ya nguo kabla ya Emery kuja. Mtoto hakujua kitu. Nilimkataza asifungue."

Mpelelezi akafungua faili lake. "Zilikuwa katika nguo zipi?"

Akataja. Hakukosea hata moja. Mpelelezi akamtolea picha walizopiga mpakani. Lile koti la kijivu Masika alilishona mwenyewe, la kwenda nalo Gustave kubatiza mtoto wa rafiki yake. Siku ile ya ukuta alikuwa amelikunja mikono ndani, ukosi umelala. Katika picha lilikuwa limeviringishwa kama tambara la kusugulia sakafu, mkono mmoja unaning'inia.

"Ukunjaji huu ni wako?"

"Ni wangu," Masika akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipopasuka, si kwingine.

Alipoulizwa zilikotoka akasema zilitoka kwa mtu wa mtaa wa Alexandra asiyemjua jina. Hawakumsumbua sana. Mjane wa mlinzi, bastola, mpaka: uongo ulikaa mwilini vizuri kuliko ukweli. Kampuni ya ulinzi ikasema, aa, kumbe hata marehemu alikuwa mmoja wa majambazi. Kaka mkubwa wa Gustave akapiga simu kutoka Kalemie kumlaani, akasema jina lake lisitajwe tena kwao. Chama cha kuzikana kikakutana kikalifuta jina la Masika katika daftari, na mwenyekiti wa kikao alikuwa nani? Emery, na tai yake. Inasemekana aliwaombea wanachama wamsamehe mjane, kwa kuwa shetani ana nguvu.

Mashtaka ya Elisée yakafutwa. Masika alipewa habari hiyo akiwa mahabusu ya wanawake, akapiga magoti kwenye saruji akamshukuru Mungu, na wenzake wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Akangoja aje. Wiki ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu akaitwa jina.

Walikaa na kioo katikati, kila mmoja na simu yake. Juu ya ukuta kulikuwa na kibao kinachosema mazungumzo yanarekodiwa. Elisée alikuwa amekonda, na amenyoa kichwa. Hakumwamkia. Kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa alimsemesha mama yake kwa Kiswahili, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mama. Ni wewe?"

Masika akakitazama kile kibao. Kesi iliyofutwa huweza kufufuliwa. Wakili alimwambia hivyo mara mbili.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Katika nguo za papa?"

"Katika nguo za papa."

Kijana akajigusa mbavu, kisha shavu. "Mimi nilipigana nao kule. Walinipiga hapa, na hapa. Nilisema, hizi ni nguo za baba yangu. Eish, Mama."

"Unakula? Unalala wapi?" Masika akauliza, maana hakuwa na kingine alichoruhusiwa kuuliza.

"Kwa Papa Emery. Alikuja kunichukua siku ya kutoka. Amenipa kazi, napeleka mizigo. Wiki ijayo naenda mpaka Lubumbashi."

Masika akasimama, akapiga kioo kwa kiganja. "Usiende! Elisée, acha kazi hiyo. Ondoka kwa mtu huyo leo, nenda kwa Candide."

"Kwa nini?"

Askari wa kike aliyekuwa mlangoni akageuka kumtazama. Masika akakaa.

"Acha tu, mwanangu. Nakuomba."

"Kwa nini, Mama? Sema."

Masika akakitazama tena kile kibao. Elisée akamngoja, alimngoja kweli, mpaka askari akanyoosha kidole kwenye saa. Kisha akainuka, simu bado iko sikioni.

"Yeye alikuja kunichukua," akasema. "Wewe ulinituma."

Akaitundika simu, akatoka.