Sauti ya Mlinzi wa Geti

Fanueli alipokubali kurekodi upya nyimbo zake za roki kwa gitaa kavu, alidhani kazi itakuwa nyepesi. Nyimbo ni zake, alizitunga mwenyewe, na Tunduma hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walizijua. Enzi za bendi, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, "Fungua" ndio uliokuwa ukivunja viti. Vijana waliuimba huku wakipiga mateke milango ya ukumbi, maana kila mtu alijua ni wimbo wa kulisuta geti la mpakani.

Sasa, mwaka 2012, aliuimba polepole katika studio ya Ashraf, nyuma ya duka la spea. Hakukuwa na dramu wala gitaa la umeme la kumfunika.

"Fungua, mvua imenilowesha, fungua, mwanangu, unanisikia."

Ashraf akavua spika za masikioni. "Mzee wangu, anayeimba hapa ni mwanamke?"

"Mwanamke gani? Anaambiwa mlinzi wa geti."

"Mlinzi ndiye 'mwanangu'?"

Fanueli akaliweka gitaa chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza.

Jumapili alikwenda Mbozi Mission kwa dada yake, Loisi, akamsikilizisha wimbo kwenye simu. Loisi alikuwa akichambua maharage. Mikono ikasimama.

"Maneno haya kakupa nani?"

"Nimetunga, dada."

"Hukutunga. Ni ya mama, siku baba alipomfungia nje na mvua inanyesha. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake. Wewe ulikuwa ndani, penye komeo. Mama alikusihi weee! Ukajibu, 'Nimekatazwa.'"

Hilo ndilo jibu la mlinzi katika wimbo. Miaka yote Fanueli alikuwa akilitoa kwa ngurumo kwenye kipaza sauti, watu wakishangilia.

"Una hakika ni mimi?"

Loisi akakunja uso. "Au alikuwa Boazi? Sauti zenu zilifanana, na mimi nilikuwa nje."

Boazi, kaka yao, alishazikwa, na wazazi pia. Hakubaki wa kuulizwa. Njia nzima ya kurudi Tunduma, Fanueli aliuona mlango ule na kuisikia mvua juu ya bati, lakini hakuweza kujua kama anakumbuka, au anaona alichosimuliwa muda mfupi uliopita.

Kule studio, alipofika kwenye jibu la mlinzi, alijaribu kunguruma kama zamani. Ikatoka sauti nyembamba, ya kitoto, akashtuka mwenyewe. Akarudia kwa kunong'ona. Akarudia tena, akalianza neno 'Nimekatazwa', likamkatikia katikati.

"Chukua hiyo ya mwisho," alimwambia Ashraf.

"Watu watasema umesahau maneno."

"Huenda nimesahau kweli," alisema Fanueli, akainama kukaza nyuzi za gitaa kwa ajili ya wimbo unaofuata.