Kitenzi cha Wiki Ile

Padre Wim, Mholanzi niliyempikia pale Nakuru, alinifundisha kitenzi kimoja kila wiki huku nikimenya viazi. Sijui alidhani nitaenda Uholanzi kufanya nini. Wiki ile ya mwaka 1954 kilikuwa zwijgen, kunyamaza. Kitenzi cha kale, alisema, hata Wajerumani wanacho, wamekirithi kwa mababu wale wale. Ik zwijg, ninanyamaza. Ik zweeg, nilinyamaza. Ik heb gezwegen, nimenyamaza.

"Si kukosa la kusema, Nyongesa," akaongeza. "Ni kuwa nalo na kulizuia."

Nikakariri mpaka sufuria ikachemka, nikijiona msomi.

Ijumaa askari wakauzingira mtaa wetu, wakawatenga Wakikuyu kando. Jirani yangu Gachanja, fundi wa baiskeli, akasimamishwa mbele ya mchongezi aliyevikwa gunia kichwani asijulikane. Gunia likaitikia: huyu alikula kiapo cha waasi Jumapili jioni.

Jumapili jioni! Jioni ile Gachanja alikuwa akimsukuma mke wangu Naliaka kwa baiskeli hadi hospitali, uchungu umemshika, mimi nikimshikilia asianguke. Hakuondoka mpaka tukasikia mtoto analia.

Afisa mzungu akauliza, "Nani anajua huyu alikuwa wapi?"

Gachanja akanitazama. Hakuniomba, alinitazama tu, maana alijua nitasema. Jibu lilikuwa limejaa mdomoni. Nikainamia viatu vyangu. Niliogopa, basi, sina neno zuri zaidi. Wakampandisha lori.

Jumatatu Padre aliniuliza kitenzi changu. Neno la padre lingeweza kumtoa mtu katika kambi ya kizuizini, nami nilijua. Nikamwambia nimekisahau.

Jioni hiyo Wangu, mke wa Gachanja, akaja na kikapu cha njahi, yale maharage meusi ya wazazi.

"Hizi ni za mama mtoto, ziongeze maziwa. Gachanja alinipigia kelele kutoka kwa lori, nisisahau." Kisha akanigeukia. "Baba Nekoye, si wewe ulikuwa hapo? Uliwaambia alikuwa na nyinyi?"

Naliaka naye akanitazama, mtoto kifuani. Laiti ningenyamaza hapo.

"Niliwaambia," nikasema. "Wakakataa kusikia."

Mke wa Gachanja akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki. Angalau kuna mtu alimsemea."

Njahi zilipoiva, Naliaka alinipakulia mimi kwanza, sahani ikajaa. Nikala zote.